Pensheni zangu mbili si wizi

Mhariri,

Tangu nistaafu nasoma gazeti lenu karibu kila siku, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia. Nilikuwa nikisema barua za magazetini ni za wenye kusoma sana. Lakini ile habari yenu kuhusu askari wastaafu "wanaokula mara mbili", pensheni ya jeshi huku na Pensheni Jamii, ile ya serikali kwa wazee wa Zanzibar, kule, imenikosesha raha wiki nzima. Barazani kwetu Wete imesomwa kwa sauti nami nimekaa pale pale, na waliokuwa wakisikiliza walikuwa wananitazama mimi. Nikinyamaza nitakuwa nimekubali.

Kwanza hilo neno kula. Ukimkopesha jirani pishi ya mchele, kisha mwezi wa pili ukamuuzia mbuzi kwa deni, naye akaja kukulipa vyote siku moja, hujala mara mbili. Umelipwa madeni mawili. Mwandishi wenu amehesabu mara ngapi mzee anapokea, hakuuliza kila fedha inalipia nini.

Pensheni ya jeshi ni jasho langu lililowekwa. Niliingia JWTZ mwaka 1975, nikiwa kijana. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakashika ardhi yetu mpaka ukingo wa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu alipoliambia taifa kuwa sababu, nia na uwezo tunavyo, uwezo wenyewe ulikuwa miili yetu. Nilipita Mutukula, nikapita Masaka, na Machi 1979 kwenye kinamasi cha Lukaya, penye mafunjo marefu kuliko mtu, kipande cha chuma kiliniingia pajani. Kimo mpaka leo. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili mimi nilikuwa nimelazwa kwa jeraha hilo. Baadaye nchi nzima ikaombwa ifunge mikanda kwa miezi 18, nasi askari tukafunga pamoja na wengine, wala sikudai kitu. Nilitumika mpaka muda wangu ukaisha. Fedha ninayopata kwa hayo ni ndogo, lakini ina sababu yake.

Pensheni Jamii ni jambo jengine kabisa, na hapa ndipo habari yenu ilipopotosha watu. Serikali ya Mapinduzi ilipoianzisha Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, haikusema ni ya maskini, wala haikusema ni ya asiyekuwa na pensheni nyengine. Ilisema ni ya mzee aliyefika miaka 70. Leo ni 50,000, nashukuru, ingawa polo la mchele halinunuliki kwa fedha hiyo. Anapata mvuvi wa Kojani, anapata mwalimu mstaafu wa Chake, anapata bibi ambaye hajaajiriwa hata siku moja. Nguvu yake yote imo katika kutouliza. Siku mtakayoanza kumuuliza askari ana nini chengine, kesho yake mtamuuliza mkulima ana mikarafuu mingapi, na keshokutwa mtamuuliza bibi kijana wake aliyeko Muscat anamtumia kiasi gani. Atakayekuwa na jibu zuri la kuandika atapata, na mnyonge asiyejua kusema atarudishwa mlangoni. Naijua milango hiyo.

Mwandishi aliegemea Marekani, akasema hata wao wamegundua kasoro. Nimekaa na mjukuu wangu jioni mbili ananisomea, na nilichokisikia sicho mlichokiandika. Ni kweli wakaguzi wa Bunge lao walisema askari wa zamani wapatao 59,000 walipokea mafao matatu mwaka 2013, ya kustaafu, ya ulemavu wa jeshini na ya ulemavu ya hifadhi ya jamii, jumla dola bilioni 3.5. Lakini mbona hamkuandika kuwa tangu sheria ya mwaka 1891 askari mstaafu mwenye jeraha alikuwa akikatwa dola kwa dola, yaani akilipwa kwa ulemavu anapunguziwa pensheni yake kwa kiasi hicho hicho? Zaidi ya miaka 100 walifanya hivyo. Wenyewe wakaona ni dhuluma, na kuanzia 2004 wakaanza kuwarudishia waliotumika miaka 20 na ulemavu wao umefika asilimia 50. Aliyejeruhiwa akatolewa jeshini kabla ya miaka hiyo bado anakatwa, na upo muswada wenye jina la Meja Richard Star, aliyefariki kwa saratani, unaotaka nao waachiwe haki yao. Kwa hiyo Marekani inatoka kule ambako ninyi mnatuambia twende.

Sasa nikueleze yaliyonifika, kwa sababu habari yenu ilinirudisha hapo hapo. Nilipofika miaka 70 nilikwenda kuandikishwa katika ofisi moja hapa hapa Pemba, sitaitaja. Nilichukua kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi kinachosema nimezaliwa 1954, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kufuata taratibu nikachukua na hati yangu ya kustaafu jeshi, ambayo inasema 1956. Tofauti hiyo naijua tangu siku ya kwanza. Mama yangu hakuwa na cheti, alikuwa na kumbukumbu ya mwaka wa karafuu nyingi, na karani wa jeshi alinitazama usoni akaandika anachoona yeye. Kijana aliyekaa mezani, umri wa mtoto wangu wa mwisho, akaziweka karatasi mbili sambamba akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Mzee, jeshini ulikuwa mdogo, huku umekuwa mkubwa. Zote mbili unazitaka?" Nilikuwa nimesimama. Palikuwa na benchi moja, limejaa akina mama, na mguu wangu ukisimama muda mrefu hufa ganzi mpaka kiunoni. Nyuma yangu walikuwapo wazee ninaosali nao safu moja. Akaniambia nilete barua ya kuthibitisha mwaka wangu. Nikapanda meli ya usiku mpaka Unguja, Unguja nikaambiwa faili langu liko bara, nikavuka tena. Wiki tatu nimelala kwa watu. Nauli na chakula vilimaliza zaidi ya miezi minne ya hiyo fedha niliyokuwa naifuata. Nikarudi na barua yenye muhuri, nikaiweka mezani, na yule yule kijana hakuifungua kwanza. Aliniuliza: "Lakini wewe si unayo ya jeshi?" Mhariri, nimepigwa mizinga nikiwa ndani ya maji, na sikuona aibu kama ya siku ile. Kosa langu lilikuwa nini? Kuishi?

Niliandikishwa hatimaye, alhamdulillah, lakini baada ya yule mkubwa wake kutoka ndani na kusoma sheria mwenyewe.

Na tukiwa tunazungumza ofisi, hili la alama za vidole nalo liangaliwe. Mke wangu amefanya kazi ya mwani miaka mingi, na kabla yake alikuwa akisokota kamba za makumbi. Vidole vyake vimelika kwa chumvi na usumba. Mashine haimtambui. Anaambiwa afute, aweke tena, afute, aweke tena, mwisho anaambiwa arudi wiki ijayo. Ile 50,000 ndiyo fedha ya kwanza tangu azaliwe iliyotoka serikalini ikiwa na jina lake yeye, si la baba wala la mume, na anaikunja kwenye kitambaa chake peke yake. Kwa hesabu za mwandishi wenu nyumba yetu itakuwa inakula mara tatu. Basi na aje amwambie yeye mwenyewe arudishe.

Mimi naomba mambo machache, na naomba wanaohusika wayasome. Fomu ya kuandikisha wazee iongezwe mstari mmoja, "mwaka ulioandikwa jeshini au kazini", chini ya mstari wa mwaka wa kitambulisho, na karani ajaze yote miwili bila ya kumhukumu mtu. Nakala za mafaili ya askari wastaafu wa Pemba ziwekwe Pemba. Uhakiki wa kuwa tungali hai ufanywe katika shehia, sheha akiwapo, kwa sababu sheha ndiye anayejua nani amezikwa. Mwenye vidole vilivyolika atambuliwe kwa uso wake na kwa ushahidi wa jirani wawili. Na viwekwe viti vyenye mahali pa kuegemea, angalau sita.

Mwandishi wenu akitaka kuziona karatasi zangu, zote ninazo ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati, pamoja na ile barua ya muhuri. Aje baada ya sala ya alasiri. Asubuhi mguu unakuwa bado haujanyooka.

Askari mstaafu wa JWTZ,
Wete, Pemba