Rangi ya nzige ni habari, iandikwe

Mhariri,

Ninaomba nafasi niseme neno juu ya rangi ya nzige, jambo ambalo huachwa nje ya taarifa nyingi za uvamizi ilhali mkulima analihitaji kuliko idadi ya makundi yaliyoonekana.

Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, wengi walikuwa wa rangi ya waridi. Baadaye tukaona wa manjano, na hapa kwetu Kitui wapo waliosadiki kwamba hao ni aina nyingine iliyokuja kuongeza balaa. Nilimshika mmoja kwenye jani la mtama: mabawa yalikuwa na madoa yale yale ya kahawia, lakini kifua na tumbo vilikuwa vimeiva manjano kama ndizi mbivu. Alikuwa nzige yule yule, ila amekomaa. Siwalaumu majirani zangu, kwani hata wataalamu waliwahesabu nzige wahamao wa makundi na wale wa upweke kuwa spishi mbili, hadi mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alipoonyesha mwaka 1921 kwamba ni mdudu mmoja.

Kinachombadilisha ni homoni. Nyuma ya ubongo wa nzige kuna tezi ndogo zinazotoa homoni ya ujana, iliyopewa jina hilo kwa kuwa humzuia mdudu mchanga asipevuke kabla ya wakati wake. Akishaota mabawa, homoni hiyo hiyo humwandaa kwa uzazi, na dume aliyekulia katika msongamano humtia manjano. Kwa hiyo kundi la waridi bado linakula na kusafiri, bali kundi la manjano liko tayari kutaga.

Tunutu, yaani nzige wachanga, nao wana rangi zao. Anayekua peke yake aghalabu huwa kijani. Anayebanana na wenzake huwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Weusi huo huletwa na korazonini, homoni iliyoundwa kwa asidi amino 11 tu. Watafiti, akiwemo Seiji Tanaka wa Japani, waliwadunga homoni hiyo nzige weupe waliozaliwa bila rangi, na walipojivua gamba wakatokea weusi.

Ombi langu ni kwamba waandishi wenu waulize rangi kila wanaporipoti nzige. Mayai hufukiwa ardhini, na penye joto na unyevu huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Kisha tunutu hukaa mwezi au zaidi bila mabawa, na huo ndio wakati wa kuwakabili wakiwa chini. Kundi lililotua shambani kwa jirani yangu lilikuwa la manjano. Liliporuka kesho yake tulimshukuru Mungu, na hakuna aliyewaza kuweka alama pale lilipolala.

Mwalimu wa Biolojia,
Kitui