Muvi ya fundi wa ndege itafsiriwe Kiswahili

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni fundi wa bodi za magari hapa Gerezani, Dar. Juzi kijana wangu kaniwekea kwenye laptopu katuni ya Kijapani ya mwaka 2013 inaitwa The Wind Rises, ya Hayao Miyazaki, inamhusu Jiro Horikoshi yule injinia wa Mitsubishi aliyechora ndege ya kivita ya Zero. Nilijua katuni ni za watoto, ila nimekaa mpaka mwisho sijanyanyuka.

Jiro tangu mdogo anapenda ndege, macho mabovu hawezi kuwa rubani, basi akaamua atazitengeneza. Kuna sehemu yuko kantini anakula samaki, anachomoa mwiba anauinua juu anauangalia ulivyopinda, wenzake wanamshangaa, mimi nikamwelewa palepale maana ukiwa na kazi kichwani hata sahani unaiona kazi. Sasa anayelipa ni jeshi. Kwenye kikao anasema ndege ni nzito, tukitoa bunduki itakuwa nyepesi, watu wote wanacheka, na yeye anarudi kwenye michoro. Zero zilitengenezwa zaidi ya 10,000, ndo zilizokuwepo Japani ilipoishambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor 1941, na Vita ya Pili ya Dunia inaelekea kuisha marubani wakawa wanajilipua nazo.

Kile kicheko hakijanitoka. Zamani jamaa alileta Hiace nimuongezee mstari wa siti, nikamwambia kaka hapa watu wakipata ajali hawatoki, akacheka na mimi nikacheka, nikachomelea. Tena nilichomelea vizuri, nikapiga grenda mpaka mshono hauonekani, nikajisifu. Mpaka leo Hiace ikinipita imejaza, macho yanaenda siti za nyuma.

Kule Japani wapo waliomsema Miyazaki hapendi nchi yake, Korea Kusini wakasema anamsafisha mtengeneza silaha. Wakorea wana hoja, walitawaliwa na Japani miaka 35 na kwenye muvi waliouawa hatuwaoni. Ila kusema inasifia vita, hapana.

Ombi langu ni kwa wale vijana wanaotafsiri muvi tunazoangalia vibanda umiza: ifanyeni na hii, mafundi wa huku tuione wote. Na ile sehemu ya kikao naombeni msiongee juu yake, acheni wale watu wacheke mpaka wamalize.

Fundi bodi,
Gerezani, Dar es Salaam