Mdogo wangu, zege si la kila usiku

Mdogo wangu,

Salamu za nyumbani unazo, tuliongea juzi. Haya mengine nimeona niyaandike hadharani, maana hauko peke yako. Vijana wangapi wamehamia Dar, wamepanga chumba kimoja Mbagala, Tandika au Manzese, na chakula chao cha usiku kinakaangwa na mtu mwingine pembeni mwa barabara?

Uliniambia kupika ni mambo ya watu wenye familia. Mtu mmoja akipika anakula hasara: mkaa, mafuta, nyanya, muda, halafu sahani yenyewe moja. Zege, yaani chipsi mayai, elfu tatu, unakula, unalala. Kwa mlo mmoja, hesabu yako iko sawa. Kuwasha jiko kwa ajili ya sahani moja ya wali maharage ni kujitesa tu. Mama ntilie atakushinda siku zote, kwa sababu mchele yeye ananunua kwa gunia na moto wake mmoja unalisha mtaa mzima. Kwa hiyo mchana usihangaike. Kula kwake hapo karibu na kazini, na mwombe akuzidishie mboga za majani. Mteja wa kila siku hanyimwi.

Ugomvi wangu mimi ni na usiku. Viazi na mayai havina ubaya, na yai ni chakula kizuri kwa bei yake. Lakini yale mafuta yamekaangiwa tangu jioni, pengine tangu jana, na mboga kwenye sahani nzima ni hiyo kachumbari ya vipande vitatu. Halafu unashushia soda. Usiniambie hushushii.

Sasa fanya hesabu ya kupika mara moja ukala mara tatu. Jumamosi usiku chambua nusu kilo ya maharage, yaoshe, yaloweke. Jumapili asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine, yachemshe kwa moto mkali nusu saa. Hiyo nusu saa usiipunguze, kwa sababu maharage, hasa yale mekundu, yakiwa hayajaiva vizuri yana sumu inayotapisha, na moto wa kuchemka ndio unaoiua. Kisha funika sufuria vizuri, izungushie khanga, halafu blanketi, iache kwenye boksi. Moto umezima, mkaa umebaki, na maharage yanaendelea kuiva yenyewe wakati wewe unafua. Baada ya saa tatu nne yarudishe jikoni kidogo, hapo ndipo utie chumvi. Magadi achana nayo. Yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1, na ukizidisha kidogo tu unakula sabuni.

Najua utasema huna friji. Ndiyo maana nazi usiitie kwenye sufuria kubwa. Maharage ya nazi kwenye joto la Dar kesho yake yamechacha, ila yaliyochemshwa na chumvi tu yanavumilia, mradi uyachemshe tena asubuhi na usiku na usiyachovye kwa kijiko ulichokwisha kulia. Chota ya usiku huo tu, hayo ndiyo uyaunge kwa kitunguu na nyanya, na tui ukipenda. Jumatatu usiku unaunga mengine. Jumanne asubuhi malizia kiporo na chai, usiyavushe zaidi ya hapo.

Katikati ya wiki ni zamu ya dagaa. Wakavu hawahitaji friji, na unanunua fungu unalolimudu. Wa Kigoma ni watamu ila bei yake unaijua. Wa Mwanza wanatosha kabisa, toa vichwa, waoshe kwa maji ya moto mchanga utoke, wakaange kidogo kabla ya kuweka nyanya. Kwa kuwa unamla na mifupa yake, unapata madini ya kalsiamu ambayo kwenye nyama ya elfu mbili huyaoni. Na hiyo nyama ya elfu mbili, tuwe wakweli, ni mchuzi.

Mboga pitia gengeni ukitoka kazini. Mchicha na matembele hayalali vizuri, kwa hiyo muuza genge usiku anaongeza fungu bila kubembelezwa sana. Tia mafuta kidogo au karanga za kusaga, kwa maana vitamini A ya majani mwili hauichukui vizuri bila mafuta. Kamulia limau juu ya maharage au mboga, linasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi nayo inayazuia, hivyo siku za kawaida iache ikae saa nzima baada ya kula. Kile kiporo cha Jumanne nimekusamehe.

Unga nunua dona kama tumbo lako linaikubali, maana sembe imeondolewa pumba na kiini ambako ndiko virutubisho vingi viliko. Lakini nunua kilo moja moja, dona ina mafuta ya asili na ikikaa inachachuka. Kama huipendi, kula sembe yako kwa amani, hilo halitatugombanisha.

Ijumaa kula zege. Nasema kwa dhati, tena na kuku ukiwa umepokea mshahara. Mtu anayejinyima kila kitu hamalizi mwezi, anarudi kibandani kwa hasira.

Wiki ya kwanza hutaona faida kubwa, kwa sababu utanunua chumvi, mafuta ya kupima, vitunguu na sufuria yenye mfuniko. Hotpoti ya ugali usinunue. Nina mbili, moja nitampa kaka akija huko Jumamosi. Ni ya kuazima lakini, ukinunua yako naitaka hiyo, na kifuniko chake.

Dada yako