Stevia ya mama na viazi vya futari

Wete, Pemba

Mpenzi shoga yangu Mwanakhamis,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mama anazifuata vyema dawa zake za kisukari. Uliniuliza, kwa hofu niliyoihisi katika kila mstari, kwa nini watu wa maabara wanautia mmea wa stevia, wenye majani matamu yanayotumika badala ya sukari, bakteria wa udongoni.

Bakteria huyo anaitwa Agrobacterium, na kazi hii hakufundishwa na mtu. Mmea ukijeruhiwa hutoa kemikali kidondani. Yeye huzihisi, akajibandika hapo na kupenyeza kipande cha DNA yake, yaani vinasaba vyake, katika seli za mmea, nazo zikavimba na kuwa nundu inayomtengenezea chakula. Mwaka 1977 mwanasayansi Mary-Dell Chilton na wenzake walithibitisha kwamba kipande hicho hubaki humo. Maabarani huondolewa jeni (sehemu za DNA) zinazoleta nundu, na mahali pake ikawekwa jeni inayotakiwa, kama ile ya kuzidisha utamu.

Nilipokuwa masomoni bara nilikata majani ya stevia vipande vya ukubwa wa ukucha, nikavichovya katika maji yenye bakteria, na baada ya siku mbili nikavihamishia kwenye chakula chenye antibiotiki. Karibu vyote vilipauka vikafa, kwa kuwa jeni tuliyoitia iliambatana na jeni ya kinga dhidi ya antibiotiki hiyo, na seli zisizozipokea hazikuwa na kinga. Ukingoni mwa kipande kimoja, pale pale kilipopita kisu, nikaona chipukizi la kijani, dogo kuliko punje ya mtama, nikalitazama mpaka macho yakaniuma. Kwangu mimi ugumu ulikuwa hapo, katika kuilea seli moja hadi iwe mmea mzima.

Tena, shoga yangu, viazi vitamu tunavyopika kwa nazi wakati wa futari vimo katika habari hii. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba walichunguza sampuli 291 za viazi vitamu vinavyolimwa, na zote zilikuwa na DNA ya Agrobacterium, iliyoingia yenyewe bila maabara. Hiyo haina maana kwamba kila mmea uliobadilishwa ni salama; kila mmoja uulizwe umetiwa jeni gani na umepimwa vipi.

Mama nitamletea mche wa stevia wa kawaida kwa boti ya wiki ijayo. Aupande pasipotuama maji, na kabla ya kuutia katika chai amuulize daktari wake.

Wasalaam,
Shoga yako, Zuwena