Poni wa mtoto si sare ya shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala mliyoichapisha majuma mawili yaliyopita kuhusu watoto wa Waswahili waishio Uingereza ambao wameanza kushiriki michezo ya timu ya farasi. Makala ilieleza vyema furaha ya watoto hao, lakini ilipofika kwenye suala la poni, yaani farasi wa aina fupi ambao hubaki wafupi hata wakikomaa, mwandishi aliwashauri wazazi wanunue mnyama mkubwa kidogo ili mtoto apate kukua naye. Ushauri huo niliufuata mimi mwenyewe miaka sita iliyopita, na binti yangu ndiye aliyelipa gharama yake.

Mtindo huo sisi wazazi tunaujua sana. Sare ya shule hununuliwa kubwa, mikono ikakunjwa, na baada ya mwaka mtoto huijaza. Binti yangu alikuwa na miaka tisa nilipomnunulia poni wa aina ya Connemara, asili yake magharibi ya Ireland, mwenye kimo cha sentimita 146 mabegani, mpole na wa kupendeza macho. Poni yule hakuwa na kosa lolote. Lakini mashindanoni, kila bendera aliyotakiwa kuibeba ilipoanguka, mtoto alishuka kuiokota, kisha akabaki akirukaruka kando ya tandiko kama mtu anayejaribu kuparamia ukuta, huku timu nyingine zikimaliza mbio. Msimu mzima ulikwisha bila yeye kuweza kurudi juu kwa nguvu zake mwenyewe.

Inafaa kukumbuka michezo hii ilianzishwa kwa ajili ya nani. Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, alitaka yawepo mashindano ya timu kwa watoto wenye poni wa kawaida, ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo wa kununua wanyama wa bei kubwa. Chama cha watoto wapanda farasi, Pony Club, kilichoanzishwa mwaka 1929, kilishindania kombe lenye jina la mwanamfalme huyo kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Katika mashindano hayo poni hatakiwi kuzidi sentimita 148, na mpandaji haruhusiwi kubeba mjeledi wala kuvaa vyuma vya kisiginoni vya kumchomea mnyama. Mtoto asiye na mjeledi hana budi kuwa na poni anayependa kazi yake, na sifa hiyo haipimwi kwa sentimita.

Tazama michezo yenyewe. Kuna mbio za kupita kwa kupindapinda kati ya nguzo zilizopangwa mstari mmoja, kuna za kuhamisha vikombe na bendera, na kuna za gunia, ambapo mtoto hufika katikati ya uwanja kwa shoti, akaruka chini, akaingia ndani ya gunia na kurukaruka hadi mwisho huku akimwongoza poni wake kwa hatamu. Karibu kila mchezo humtaka mtoto ainame, ashuke au apande upya, mara nyingi poni akiwa bado anatembea. Poni mfupi humpunguzia safari ya kwenda chini na ya kurudi juu. Isitoshe, hatua zake fupi humwezesha kuizunguka nguzo ya mwisho kwa nafasi ndogo, wakati farasi mrefu bado anatafuta pa kugeukia. Ni kweli kwamba mrefu atamfikia tena kwenye sehemu iliyonyooka, lakini uwanja ni mfupi na nguzo ni nyingi.

Basi achaguliwe nani? Kwa mtoto wa umri wa miaka minane hadi kumi na moja, mimi ningeanza kwa poni wa milima ya Wales wa daraja la A, ambaye hazidi kimo cha mikono 12, yaani takriban sentimita 122. (Mkono huo wa wapanda farasi ni sentimita 10.16, si shubiri yetu.) Ni mwepesi, ana akili, na wakati mwingine akili hiyo huzidi ya mpandaji. Poni wa Dartmoor, mwenye kikomo cha sentimita 127, mara nyingi ni mtulivu zaidi na ana mgongo mpana kidogo. Huyo ndiye tuliyemnunua baada ya kumuuza yule wa kwanza, na binti yangu alijifunza kumrukia mgongoni katika majuma matatu. Yule wa Shetland, asiyezidi sentimita 107, ana nguvu za kushangaza kwa umbo lake, lakini akishindana na warefu hatua zake huwa chache mno, kwa hiyo ningemwachia mtoto mdogo sana anayeanza.

Ufupi nao una mpaka wake, na hapa mwandishi wenu alikuwa na hoja. Wengi huzingatia kwamba uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama. Poni wa kilo 230 hapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 46, na kijana wa miaka kumi na tatu huweza kuupita mpaka huo katika likizo moja tu. Siku hiyo ikifika, poni huuzwa kwa mtoto mwingine. Mnyama aliyezoea michezo hatafutiwi mnunuzi kwa muda mrefu, na wengi wao huendelea kushindana wakiwa na umri wa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa ni tabia. Mimi nimezaliwa Lamu, na kila aliyewahi kushiriki mbio za punda wakati wa Maulidi anajua kwamba mshindi hupatikana kwa punda anayekubali kuongozwa katikati ya kelele. Kabla ya kulipa hata senti, mzazi apunge bendera mbele ya poni, amguse kwa gunia tupu, na amweke ubavuni mwa farasi wengine aone kama atapiga teke. Mtoto naye ampande akiwa ameshika hatamu kwa mkono mmoja tu, kwa sababu mkono wa pili utakuwa na kikombe au bendera. Poni anayegeuka kwa kuguswa hatamu shingoni ana thamani kuliko mwenye ukoo ulioandikwa kwenye karatasi nzuri.

Mnunuzi ajue pia kwamba poni hawa wafupi walizoea malisho hafifu ya milimani, hivyo hunenepa upesi, na majani mabichi ya majira ya kuchipua huweza kuwaletea ugonjwa wa kwato wenye maumivu makali. Wa kwetu hufungiwa kwenye kiwanja kidogo kisicho na majani mengi kuanzia Aprili, jambo linalowaudhi sana majirani wasiojua sababu yake.

Mwisho, naomba msahihishe maelezo ya picha iliyoambatana na makala, yaliyosema kwamba watoto wamepanda wana wa farasi. Wale ni wanyama waliokomaa, kwani poni mwenye umri wa chini ya miaka minne haruhusiwi kushindana, na yule wa kijivu aliye upande wa kushoto, kwa jinsi uso wake ulivyoingia weupe na mashimo yalivyo juu ya macho yake, nadhani ana umri mkubwa kuliko mtoto aliyempanda.

Wako,
Mzaliwa wa Lamu,
Wales