Mwanangu, usianze na dalili

Bububu, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi hapa nyumbani ni wazima, mama yako anakusalimu sana, na bibi yako hamalizi dua bila ya kukutaja. Insha yako juu ya watu mashuhuri wa Zanzibar, uliyoipiga picha ukanipelekea kwa simu kutoka dahalia, nimeisoma yote. Mwandiko unasomeka na miaka mingi umeiweka sawa. Lipo jambo moja ambalo sikulipenda, na kwa kuwa umenitaka nikwambie kweli, nakwambia: karibu kila mtu uliyemwandika umemwanza kwa maneno yaleyale, kwamba tangu utotoni alionesha dalili za ukubwa. Dalili hizo aliziona nani?

Utoto wa mtu mashuhuri huandikwa baada ya umashuhuri wake, na mwandishi ambaye tayari anajua habari iliishia wapi huona wepesi kurudi nyuma na kuokota kila kinachofanana na mwisho huo. Ningependa uulize mengine: mtoto yule alikuwa na nini mkononi, nani alimfundisha, na nani alimzuia.

Mchukue Sayyida Salme, ambaye magofu ya nyumba aliyozaliwa, Bet il Mtoni, yako ufukweni, si mbali na hapa kwetu. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na suria wake Jilfidan, mwanamke aliyechukuliwa akiwa mtoto mdogo kutoka upande wa milima ya Caucasus. Watoto wa jumba lile walisomeshwa Kurani, lakini wasichana walifundishwa kusoma tu, kwani kuandika kulihesabiwa kuwa ni kazi ya wavulana. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi, akawa ananakili kwa siri herufi za msahafu mpaka mkono ukazoea. Ilipofika haja ya kusahihishwa mwandiko, aliyemfundisha alikuwa mmoja wa watumwa wa nyumbani waliokuwa na elimu. Umeandika kwamba “alijifunza kuandika” ukapita mbio, ilhali hapa ndipo pa kusimama: binti wa mfalme alizuiliwa kalamu, na mtumwa wa babaye ndiye aliyemnyoosha mwandiko.

Nawe usiharakishe kusema kwamba hiyo ndiyo dalili yenyewe, maana tazama kwanza kalamu ile ilimfikisha wapi. Baba yake alifariki baharini mwaka 1856, na mama yake akachukuliwa na kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huohuo wa 1859 Sayyid Barghash, kaka yake Salme kwa baba, alipanga kumpindua ndugu yake, Sayyid Majid aliyekuwa Sultani, yule Majid ambaye Salme na mama yake walikuwa wamekaa nyumbani kwake, na ambaye ndiye aliyemfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Salme akavutwa upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika, akawa katibu wa njama akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, anaandika barua za kuagiza bunduki, baruti na risasi. Waingereza walimsaidia Majid, njama ikavunjika, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na lawama za jamaa. Tunda la kwanza la elimu yake lilikuwa balaa, na hilo katika insha yako halimo kabisa.

Mwaka 1866 aliondoka kwa manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Aden akabatizwa, mwaka 1867 wakaoana, wakaenda Hamburg. Nadhani umeiruka habari ya kubatizwa kwa kumwonea haya mwalimu. Mimi pia habari ya kuacha dini inanisikitisha, wala sitakuficha, lakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kukata asilolipenda. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu katika nchi ya watu. Ilikuwa mwaka 1886, akiwa mama wa miaka zaidi ya arobaini, alipochapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na mengi tunayoyajua juu ya maisha ya ndani ya majumba yale tumeyapata kwake. Kwa hiyo, ukiutaja utoto wake, kumbuka kwamba anayeusimulia ni mjane aliye mbali na kwao, na mtu wa namna hiyo hukumbuka kwa namna yake.

Hamad bin Muhammad el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, naye alijisimulia mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Wewe umemwita shujaa tangu utotoni. Yeye mwenyewe hasemi hivyo: anasema kwamba akiwa na miaka kumi na miwili alianza safari za karibu pamoja na kaka yake na wajomba zake kufanya biashara ya sandarusi, yaani utomvu mgumu wa miti, naye akapewa mzigo mdogo, na alipofika miaka kumi na minane akenda bara na baba yake. Huyo ni kijana wa Kwarara aliyefunzwa kazi ya ukoo hatua kwa hatua, akajua kuchukua bidhaa kwa mkopo na kuziongoza njiani, na baadaye akapata kuaminiwa na tajiri Tharia Topan, bila ya ambaye safari zake kubwa zisingekuwa. Mafanikio yake unayajua: alifika Manyema na Kongo ya juu, na mwaka 1887 akafanywa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Lakini usiandike “mfanyabiashara hodari” ukanyamaza. Pembe zile za ndovu zilibebwa na watu, wengi wao wametekwa, na kila mmoja wao alikuwa na utoto wake ambao hakuna aliyeuandika.

Hapo ndipo ningempeleka msomaji moja kwa moja kwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, badala ya kumweka mwisho kama ulivyofanya. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, wazee wake wakiwa wa asili ya utumwa, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Utumwa wenyewe ulifutwa hapa Unguja mwaka 1897, alipokuwa msichana aliyekwisha kukua. Skuli hakwenda, na kusoma na kuandika hakujua. Alichopata kwa mama yake ni kufinyanga vyungu, akawa anavibeba kuja kuviuza mjini huku akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Watu hupenda kusema kwamba sauti ile ya kunadi ndiyo iliyokuwa dalili. Mimi nasema kwamba kwa miaka mingi sauti ile iliuza vyungu tu, na ingeweza kuendelea kuuza vyungu hadi mwenyewe akazeeka. Kilichobadilisha mambo ni kuhamia mjini mwaka 1911, akiwa mtu mzima wa miaka kama thelathini, na kukutana na Ali Muhsin, mpiga taarabu aliyemfundisha kuimba kwa ala. Kwa kuwa hakusoma, kila kitu alikihifadhi kwa sikio, hata nyimbo za Kiarabu.

Baada ya hapo akaungana na kina Subeti Ambari, Buda Swedi na Mbaruk, ambaye alikuwa kipofu, wakaimba kwenye majumba ya wakubwa na pia Ng'ambo, walikokaa watu wa hali yake. Huko Ng'ambo nyimbo zao zilichukua habari za mitaani, kama ile ya mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, naye akiwa mwanamke wa mwanzo wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na kufikia mwaka 1931 sahani zilizouzwa zilitajwa kuwa 72,000. Alikuwa na miaka inayokaribia hamsini. Alifariki mwaka 1950, na kwa bahati Shaaban Robert aliwahi kuzungumza naye, ndiyo maana wasifu wake umeandikwa. Pima mwenyewe: Salme alijiandika kwa sababu aliiba elimu ya kalamu, na Siti aliyeikosa alihitaji mtu mwingine aje na kalamu yake. Ukiwaweka hawa wawili kando kwa kando, insha yako itasimama.

Yaliyobaki ni madogo. Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu, umemwekea tarehe kamili ya kuzaliwa. Ifute, kwani haijulikani kwa yakini, ila kufariki kwake, tarehe 17 Aprili 2013, ni sahihi. Abdulrazak Gurnah, mwandishi wa riwaya, umemwandika vizuri kuliko wote, kwa sababu kwake hukutafuta dalili yoyote: umesema alizaliwa mwaka 1948, akaondoka nchini akiwa kijana baada ya Mapinduzi, akaanza kuandika akiwa ugenini Uingereza, na tuzo ya Nobel ya fasihi ikamfikia mwaka 2021 akiwa na miaka sabini na miwili. Huyo muache kama alivyo, na wengine waandike kwa mtindo huohuo. Ukishaisahihisha nipelekee kabla hujamkabidhi mwalimu.

Wasalaam,
Baba yako