Daktari wa dharura anahitajika kabla ya mlipuko

Mhariri,

Mimi ni muuguzi mkoani Kagera, mkoa uliopigwa na Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, mara mbili: Machi 2023 kule Bukoba Vijijini, na Januari 2025 Biharamulo. Mara zote mbili wataalamu walikuja na vifaa vyao, nasi tukashukuru. Ugonjwa ukishatangazwa kwisha, wao huondoka, na mlango wa hospitali tunabaki nao sisi.

Mgonjwa wa Marburg siku za mwanzo haji akivuja damu kama watu wanavyodhani. Anakuja na homa, kichwa kinamgonga, mwili hauna nguvu, anatapika na kuharisha. Kwa huku kwetu, nani hatasema ni malaria? Basi anapanga foleni dirisha la kadi pamoja na wajawazito na watoto, kisha anatobolewa kidole na kutundikiwa dripu. Akitapika, dada yake anampangusa kwa khanga. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyosambaa. Rwanda mwaka 2024 walipata wagonjwa 66, na wengi wao walikuwa wahudumu wa afya. Hapa kwetu mwaka 2023, kati ya waliofariki alikuwemo mwenzetu.

Niliwahi kufanya kazi na daktari bingwa wa dharura. Kabla hajamgusa mgonjwa wa homa, alisimama hatua mbili nyuma na kumuuliza: wiki tatu hizi umetoka wapi? Umeuguza mtu? Umeosha maiti? Umeingia pangoni au machimboni? Virusi hivi hukaa kwa popo wa matunda wa mapangoni, na mtu akishaambukizwa anaweza kumaliza hadi siku 21 bila dalili. Majibu yakimtia shaka alimtenga mgonjwa kwanza, akavaa vifaa vya kujikinga, ndipo akarudi kumtibu. Narudia, kumtibu, maana kumtenga mtu si kumtelekeza. Matibabu yanaokoa: kati ya wale 66 wa Rwanda walifariki 15, ilhali kwingine ugonjwa huu umewahi kuua zaidi ya nane katika kila kumi.

Muhimbili ina idara ya magonjwa ya dharura tangu 2010, na mabingwa wanasomeshwa hapa hapa nchini. Waletwe mikoa ya mpakani, watufundishe na sisi wa zamu za usiku. Meza ya kumpokea na kumhoji mgonjwa itangulie dirisha la kadi, siku zote, si wakati wa mlipuko tu. Bajeti ya afya ikifika bungeni, wabunge wetu waulize ajira za madaktari hawa ni ngapi na zinakwenda hospitali zipi.

Muuguzi wa zamu,
Kagera